Pole ya Kasuku

Alikuja Jumanne, ndani ya boksi la sabuni
lililotobolewa matundu kwa bisibisi.
Nyemo alilishika kwa mikono miwili kama sufuria ya moto,
akasema, Mama Chiduo, Mwanza nakwenda kupanga chumba
na mwenye nyumba hataki hata paka.
Baba tumemzika. Huyu amebaki.

Kijivu, mkia mwekundu kama wino wa mwalimu.
Miaka kumi na tisa aliishi kota za reli
na mzee Ndahani, mkata tiketi.

Nkuhungu kwetu treni haipiti. Kuna upepo tu,
huu wa Agosti, unaopenya chini ya mlango
na kulaza vumbi jekundu juu ya kila nguo ninayoshona.
Nikamtafutia pembe yenye ukuta mgongoni,
mbali na jiko la mkaa,
nikafunika nusu ya kizimba kwa kitenge, nusu nikaiacha:
aliyehamishwa bila kuulizwa
apate pa kujificha, apate na pa kuchungulia.

Siku ya kwanza hakula.
Siku ya pili hakula.
Nilimwekea alizeti, punje za uwele,
zabibu tatu kutoka shambani kwa Mbeleje.
Akanitazama kwa jicho moja,
akageuza kichwa, akanitazama kwa la pili,
kama mkopeshaji anayerudia kuhesabu noti.

Chiduo ana miaka minane na haraka ya miaka minane.
Sema Chiduo! Sema Chi-du-o!
Ndege akajibana, manyoya yakamlala mwilini.
Mwache, nikamwambia. Wewe ulipohamia shule mpya
ulikaa wiki ngapi hujasema na mtu?
Akafikiri. Nne.
Haya. Kaa pale, soma kitabu chako kwa sauti, usimtazame.

Basi tukawa tunaishi kando yake, si juu yake.
Asubuhi naondoa kitenge, nasema Mbukwa,
sisubiri jibu. Nabadilisha maji.
Siku ya nne aliniuma kidole, kile cha kuvalia subana.
Sikupiga kelele. Nilifunga kitambaa,
nikaendelea na pindo za sare.

Usiku wa tano umeme ulikatika.
Gizani, nyuma ya kitenge,
mtu akakohoa.

Kikohozi kirefu, cha kifua, chenye mkwaruzo mwishoni,
kile kile cha dirisha la tiketi,
kile alichokwenda nacho hospitali.
Nywele zilinisimama. Chiduo akang'ang'ania gauni langu.
Kinywa changu kikaitangulia akili:
Pole, mzee.

Kimya.
Halafu ganda la alizeti likapasuka.
Likapasuka jingine.

Kumbe miaka yote ile
kila kikohozi kilikuwa na pole yake,
ya mke kwanza, kisha ya Nyemo,
na yeye amekaa kwangu siku tano
hajui kama nyumba hii huitikia.

Sasa ni Novemba, mawingu yanazunguka tu, hayashuki.
Mkononi bado haji.
Kifua alichojinyonyoa kinaota manyoya, moja moja, kwa ubahili.
Parachichi tumezihamishia kwa jirani, tuliambiwa ni sumu kwake,
na Chiduo ananidai parachichi zake mpaka leo.
Jina la Chiduo hajalisema. Anasema cherehani:
trrrr, anasimama penye kona ya mshono, trrrr tena,
hata wateja wananiuliza nimemwajiri nani huko ndani.

Jana nikifagia nilipaliwa na vumbi, nikakohoa.
Nyuma yangu, kwa sauti yangu mwenyewe ya usiku ule,
yenye hofu yake na kila kitu:
Pole, mzee.

Mimi na miaka yangu thelathini na sita.
Niliegemea ufagio.
Nimeshapoa, nikamjibu.