Taarifa, Si Ombi

Duka langu lipo Barabara ya Nane, Ngamiani:
kompyuta moja, printa, na mashine ya fotokopi
inayokohoa kila ikifika nakala ya tano.
Nachapa wasia, hati za viwanja, barua za kazi,
na mara moja talaka, ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua.

Jumatatu aliingia Bi Mwantumu Semhando
na wenzake wawili wa kiwanda cha kamba,
kilichofungwa miaka sita sasa, mafao hayajalipwa.
Hakukaa. Alisema, andika:
“Tunakutaarifu kwamba tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi,
tutatembea kutoka Barabara ya Ishirini hadi Uwanja wa Tangamano,
watu arobaini na mmoja, kimya,
kila mtu na kipande chake cha kamba.”
Sheria yataka taarifa, alisema. Naijua.
Mjukuu alinisomea, nikamrudisha pale pale mara tatu.

Ikaenda. Jumatano ikarudi.
Afande wa zamu, kijana wa watu, mpole,
alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya “tunakutaarifu”
na kuandika pembeni: ombeni vizuri.

Nikachapa ya pili. Nakiri, niliilainisha.
“Kwa heshima na taadhima, tunaomba.”
Neno hilo vidole vyangu hulichapa bila kutazama,
kama mtu ashukaye ngazi za kwao gizani.
Nilidhani nawasaidia.
Ikarudi na muhuri: Haikukubaliwa, sababu za kiusalama.
Wino ulikuwa haba, haukuishika “kiu”,
ikabaki: sababu za salama.

Na redioni siku hiyo hiyo wanausoma muswada.
Si saa arobaini na nane tena, ni siku thelathini.
Na watu watano wakielekea upande mmoja kwa nia moja
ni msafara,
na msafara una kibali ama una kesi.
Shundi, fundi baiskeli wa jirani, akauliza:
Na jeneza je? Jeneza hubebwa na wangapi?
Hakuna aliyecheka. Akarudi kwenye spoki zake.
Mimi nikamuwaza bi harusi akipelekwa Makorora kwa matarumbeta,
nikawaza maulidi, foleni ya mkate alfajiri,
wanafunzi wa Usagara kengele ikilia.
Nia moja, upande mmoja.

Na uwanja wenyewe waliuita Tangamano.
Hawakuuita Kibali.

Ijumaa Bi Mwantumu alirudi. Mara hii alikaa.
Akaiweka barua ya pili juu ya kaunta, akaifuata kwa kidole
(hakina ukucha; mashine ya kusokota iliuchukua
mwaka wa tisini na moja)
mpaka kwenye “tunaomba”.
Nani kalisema hili?
Nikanyamaza.
Mwanangu, alisema, mwombaji hupewa ama hunyimwa,
na yote mawili ni haki ya mpaji.
Mimi sikuja kuomba barabara.
Nimeipita miaka ishirini na saba
kuwahi zamu ya saa kumi na moja,
tukiwa mia na zaidi, upande mmoja, nia moja,
na hakuna aliyetusimamisha
tulipokuwa tunakwenda kumtajirisha mtu.

Ya tatu ni ile ile ya kwanza,
neno kwa neno, ila tarehe.
Nilipofika kwenye idadi nikauliza: arobaini na mmoja?
Akanitazama. Akaitazama fotokopi ikikohoa,
na shati langu lililopigwa pasi
kwa ajili ya kukaa nyuma ya kaunta.
Nikachapa: arobaini na wawili.

Usiku huu sijui kama miguu itanitii.
Muhuri wao haujakauka, na duka nina deni nalo.
Kamba ninayo.
Ilifungia bunda la karatasi; nimeifungua,
nikazihesabu nyuzi zake mpaka umeme ukakatika.