Ufunguo wa Bomba, Keko Machungwa

Kwanza ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mwinchande.
Akilala, mtaa mzima kiu.
Akiamka na furaha, ndoo ya pili bure.

Tukamvua. Tukaunda kamati:
makufuli matatu, funguo tatu,
na Bi Sikudhani kaenda msibani Rufiji,
wake kaufunga pindoni mwa kanga.

Kisha kura. Tulinyoosha mikono, tukahesabiwa.
Tabu akashinda kwa mkono mmoja.
Wangu ulikuwa umeshika ndoo.

Leo daftari limetundikwa ukutani:
nani kafungua, lita ngapi, shilingi ngapi zimebaki.
Mwanangu wa darasa la tatu kalisoma kwa sauti,
akauliza, "Mama, mbona hesabu haikubali?"

Foleni yote ikageuka.

Tabu akatafuta miwani.