Stesheni ya Chini

Tulikuwa tunachimba mtaro wa bomba la inchi sita,
kina cha kiuno, kando ya barabara ya Bububu.
Kwanza lami. Chini ya lami, lami nyingine kuukuu,
nyeusi kama ukoko wa sufuria.
Kisha kifusi, vizibo vya soda,
kandambili ya mtoto, mguu wa kushoto.
Kisha sururu ikalia, mlio mkavu,
ikanirudia mkononi na ganzi.

Tukaweka sururu, tukashika mafagio.
Ukingo ukajitokeza: matumbawe yaliyochongwa,
chokaa iliyotwangwa hadi ikalainika kama unga wa muhogo.
Hatua ishirini na mbili, nilipima kwa miguu,
maana futi kamba kaondoka nayo msimamizi.
Na vidato vitatu, cha kati kimelika upande mmoja,
upande wa kushukia.

“Baraza gani hii isiyo na nyumba?” akauliza Mcha.
Bi Mize, muuza urojo wa ng’ambo, hakuinua hata mwiko.
“Stesheni hiyo. Bibi yangu kauza shokishoki hapo,
gari la moshi likisimama.
Walipoing’oa reli, babu akanunua kipande.
Njooni muone kilivyobeba dari.”

Tukaenda. Kweli.
Kati ya boriti za mkoko zilizopinda kwa uzee
chuma kimoja kimenyooka kama alifu,
kimepakwa chokaa, kimetundikwa chandarua.
Chumba chake kinamzidi jirani dhiraa mbili:
mkoko hukoma ulipokomea kukua,
reli hukatwa utakapo.

Mwanangu hunionesha kwenye simu miji ya watu,
treni zinapita chini ya ardhi,
ngazi zinatembea zenyewe, taa mchana kutwa.
“Sisi lini, baba?”
Sasa jibu ninalo, ila halimfai.
Wale walichimba, wakaishusha treni.
Yetu ilikuwa juu, juani,
tukaifukia kidogo kidogo,
kila mtu na toroli lake la kifusi.

Msimamizi karudi alasiri,
akatazama ukingo, akatazama saa.
“Lipindisheni bomba.”
Viungo viwili vya ziada,
havimo kwenye hesabu, nilivilipia mimi.

Usiku maji yakifunguliwa, anasema Bi Mize,
yakifika pale kwenye kona huguna,
husita kidogo, kama yanayemngoja mtu,
halafu yanakwenda zao mjini.