Saa Moja Kasoro Dakika Moja

Kwao mwisho ni saa sita usiku, kasoro dakika moja.
Kwetu hapa Umoja, ghorofa ya nne,
hiyo ni saa moja asubuhi, kasoro dakika moja,
wakati Mama Kerubo wa chini anakaanga mandazi
na mfereji, ikiwa ni Alhamisi,
hukohoa upepo kabla ya kutoa maji.
Leo ni Alhamisi.

Barua ni mbili.
Ya kwanza ina nembo ya simba wawili na Kilatini,
imeniita mpendwa Kwamboka, imenipongeza mara tatu,
kisha ukurasa wa pili, kwa herufi za sisimizi,
ikataja karo.
Nilizidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo.
Nikazidisha tena, nikidhani nimeongeza sufuri.
Hapana. Sufuri zote zilikuwa halali.

Udahili huo. Ufadhili hakuna.
Maneno yanayofanana kama pacha,
mmoja kaja kwa vigelegele,
mwenzake hajulikani alikoshukia.

Ya pili ni fupi. Mji wenyewe siujui;
nilipoutafuta kwenye ramani
simu iliniuliza kama nimekosea tahajia.
Miaka mitano, karo juu yao, posho kila mwezi,
bima, hata ya meno,
na profesa anayetaka nichunguze mwani wa ziwani,
mimi niliyeapa kwa visima,
kwa floraidi iliyopaka kahawia
meno ya watoto wa shangazi kule Naivasha.

Kabla ya hapo zilikuwa foleni:
muhuri wa buluu, na karani aliyekwenda chai
akarudi Jumatatu.
Mtihani wa Kiingereza, bei yake kodi yangu ya miezi miwili,
kuthibitisha kwamba lugha niliyochapiwa darasa la tatu
naijua.
Dkt. Muthengi aliandika pendekezo lake usiku wa mwisho,
stima zimepotea, simu ina asilimia saba.
Akanitumia ujumbe: Nimekusifu. Usiniaibishe.

Chama cha Mama kilitaka harambee.
Kadi zilishachapishwa, na picha yangu ya mahafali.
Nikasema hapana. Harambee hulipa tiketi na muhula mmoja.
Muhula wa pili hauna mgeni rasmi.

Ndugu yangu Ombati ni mtu wa hesabu fupi:
"Jina kubwa halichemshi uji."
Kisha akanyamaza,
maana ndiye aliyeacha chuo mwaka wa pili
ili niendelee mimi.

Jana niliwaomba wenye simba waongeze chochote.
Rasimu tisa za adabu.
Walijibu kabla chai haijapoa:
bajeti imefungwa, tunakutakia heri.

Kukubali ile ndogo ni rahisi, kidole chajua njia.
Ila kwanza sharti nikatae,
na hakuna aliyenifunza kukataa
kitu nilichokipigia magoti.
Nyumbani ukikataa chakula unasema, nimeshiba.
Mimi sijashiba.

Namwaza mtu aliye kwenye orodha ya kusubiri,
labda Dhaka, labda hapo tu Kitengela,
anafunua barua pepe kama anayefunua sufuria
kuona kama maharagwe yameiva.
Akiipata nafasi yangu hatajua jina langu.
Na karo, ataitoa wapi?

Saa kumi na mbili na dakika hamsini.
Mfereji unakohoa.
Unakohoa tena, yanakuja mekundu,
kisha meupe, kisha maji.
Nakimbia na mitungi; yakikatika ni hadi wiki ijayo.
Wa njano, wa njano, ule wa buluu uliovunjika mkono.
Nakinga kidogo kwa glasi, naiinua dirishani
kwa mazoea ya maabara: rangi, chembe, harufu.
Mwani nao huishi majini, najiambia.
Sijui kama naamini.

Nakaa juu ya mtungi uliojaa.
Vidole vimelowa, kioo cha simu hakinisikii.
Napangusa kwa leso,
nabonyeza kitufe cha kijivu.
Kinauliza: una uhakika?

Kile cha kijani hakikuuliza kitu.