Dakika Tatu za Darasa la Tatu B

Nilirudi Mtambwe na karatasi ya semina ya Chake,
gesi ya soda ya bure bado iko puani.
Karatasi imeandikwa: Wafumbe macho. Wavute pumzi. Wahesabu.
Wahesabu!
Wangu ni sabini na wanne,
watano kwenye dawati la watatu,
nusu wametoka chuoni bila ya chai,
nusu wamelala saa sita za usiku, wakichambua karafuu,
weusi wa vidole umefika hadi daftari la hesabu.

Lakini ukitumwa, utumike.
Jumatatu nikasema: Fumbeni macho.
Wakafumba kama wanavyofumba watoto,
jicho moja mlinzi wa jingine.
Mtu akajamba.
Dakika tatu zikafia hapo, kwenye kicheko,
nami, Mungu anisamehe, nikacheka kuliko wote.

Jumanne akaja Bi Mauwa, akasimama mlangoni:
"Mwalimu, mwanangu anasema mnawanyamazisha.
Ni uganga huu, au dini nyingine?"
Jibu la semina sikuliona.
Nikamuuliza: Hujapata kuswali, ukafika tahiyatu,
usijue ni rakaa ya pili au ya nne?
Akainamisha uso. "Mara ngapi!"
Basi wewe ulikuwa wapi?
Hakujibu.
Kesho yake akatuma mkebe wa karafuu kavu,
hakusema za nini.

Ila Shaame hafumbi.
Siku nne, macho kodo,
kama paka kwenye nyumba ya wageni.
Nikamwita nje, penye tangi la maji.
"Nikifumba, mwalimu, nalisikia tawi."
Hakuongeza neno. Tawi lenyewe twalijua sote,
lilivyomwachia baba yake msimu uliopita,
kamba ikabaki juu, inaning'inia.

Karatasi ya Chake haikuwa na mstari wa tawi.
Nikaikunja mara nne,
nikaitia chini ya mguu wa meza, ule unaocheza.
Hapo ilifaa. Meza ilitulia.

Leo hafumbi mtu, nikawaambia.
Kila mmoja karafuu moja, kiganjani.
Itazameni. Ina kichwa, ina meno manne.
Si pishi, hii. Si gunia, si deni la dukani.
Moja.
Akili ikikimbia msiichape,
iiteni tu irudi, kama mnavyoita kuku magharibi.
Kombo Faki akaitafuna yake, machozi yakamtoka:
"Ninayo, mwalimu! Ninayo mdomoni!"

Mvua ikapita juu ya bati, ikaenda zake.
Darasa la jirani wanaghani jedwali la saba,
wanakwama pale pale, saba mara nane.
Shaame anaizungusha yake kwa kidole gumba,
polepole, akaileta puani,
harufu ile ile ya shati lililokuwa likirudi nyumbani kila jioni.
Sikujua nimemtuliza au nimemtonesha.
Hata sasa sijui.
Niliona mabega tu, yameshuka kidogo,
kama ya mtu aliyetua mzigo
na mkono akauacha juu yake.

Mkaguzi ameniandikia: Matokeo yako wapi?
Nimemjibu: Sabini na wanne, wapo.
Akadhani ni mahudhurio.