Kamba ya Kupandia

Mvua ya mwaka ilianza usiku wa Alhamisi.
Ilipiga bati la jikoni kwanza, halafu la nyumba,
na mama akaamka kutega masufuria
bila kuwasha taa. Kila tundu analijua kwa sauti yake.

Asubuhi Mwakirunge inanukia udongo,
na upepo ukigeuka, inanuka jaa.
Ndivyo kwetu kulivyo: malori ya taka za mji yanapita juu,
sisi twapita chini na majembe,
na jongoo wametapakaa njia nzima,
hawana haraka na mtu.

Mimi niliomba ruhusa kiwandani, siku mbili.
Nilimwambia msimamizi nina msiba.
Mungu anisamehe,
ni mahindi.

Mbegu zilikuwa uchagani tangu Agosti,
nyeusi kwa masizi, dumuzi kazishindwa.
Mama azipukuchua kwa kidole gumba:
za nchani kuku, za shinani kuku,
za katikati ndizo zinazokuja nasi kondeni.

Kisha Ndurya akatoa kamba.

Nailoni ya samawati. Ilitoka bandarini
enzi baba akibeba magunia;
alipewa au aliichukua, hakuna aliyewahi kuuliza.
Ina mafundo arobaini na mawili.
Kila fundo shimo, kila shimo punje tatu,
na kunguru akichukua moja hatumlaani sana.
Afisa wa kilimo alikuja siku moja na utepe wake,
akasema mashimo yenu yamebanana mno.
Mama akamjibu, "Vipimo hivi vina mwenyewe."

Mwenyewe ni Umazi. Alikuwa na miaka sita.
Baba alimsimamisha mwanzo wa konde, akamwambia,
tembea kama uliyetumwa chumvi.
Kila alipokanyaga, fundo.
Hatua ya ishirini akakutana na jongoo,
akaruka.
Baba hakumrudisha. Alifunga fundo pale alipotua.

Tangu hapo kila mstari una pengo, mahali pale pale,
na mahindi yakishapanda kimo
ujia unakata konde zima kama mwanya wa meno.
Twauita njia ya jongoo.
Mbuzi wa kina Mbodze waijua vizuri.

Mwaka huu Ndurya alitaka kuliziba.
Alipiga hesabu kwenye simu: shimo moja kila mstari,
mistari sitini, hilo ni debe.
"Wanangu hawali kumbukumbu," alisema,
na hakuwa na kosa.
Akaanza kufunga fundo jipya, akilikaza kwa meno.

Baba alikuwa barazani, kwenye kiti cha plastiki,
mkono wa kulia umelala pajani kama si wake.
Tangu Desemba husema "eee" kwa chai,
"eee" kwa dawa, "eee" kwa wageni.
Akasema, "Jongoo."

Ndurya alisimama na kamba mdomoni.
Halafu akalifungua.

Saa sita Umazi akapiga kutoka Dammam,
amejifungia chumba cha kufulia, anong'ona.
Hakuuliza habari za mtu.
"Mkifika ishirini, mwaruka?"
Nikampa Ndurya simu aishike,
nikainua leso, nikaruka pasipo na kitu,
matope hadi magotini, miaka thelathini na minne.
Akacheka, akaziba kinywa kwa shuka ya watu
hadi mtu akamwita kule, simu ikakatika.

Jioni kunguru walikuwa wameshaanza kufukua.
Mama aliwatupia mawe na matusi, kwa zamu.
Kamba tuliifua kwa maji ya mvua,
tukaianika juu ya mlango.

Jumatatu msimamizi ataniuliza msiba ulikwendaje.
Nitamwambia tumezika salama,
na tulipokuwa tukizika, mvua ilinyesha.