Mkebe wa Pili wa Makaa

Saa kumi na moja alfajiri, Kibuye,
na sufuria yangu haijatoa hata povu.
Mkebe wa kwanza wa makaa umeshakuwa majivu,
vijana wa mikokoteni wamenyoosha vikombe,
maji yamenuna tu, yananiangalia.

Akeyo anakata mandazi,
daftari la kemia limelala kando ya unga.
"Mama, maji hayajachelewa. Yanashikana."
Yanashikana vipi, nami nayamimina?

Ananichorea kwa kidole kwenye unga:
oksijeni moja, haidrojeni mbili pembeni
kama masikio ya sungura.
Oksijeni ni mchoyo, anasema,
elektroni zote anazivutia kwake,
haidrojeni zinabaki na upungufu kidogo,
basi kila moja inanyoosha shingo
kwa oksijeni ya jirani.
Si ndoa. Si hata uchumba.
Ni mvuto tu, kasema Mwalimu Lusweti,
hafifu kuliko ule wa ndani ya nyumba,
unakatika na kuungwa upya
mabilioni ya mara kabla hujapepesa jicho.

"Kwa hiyo moto wako, Mama,
si wote unaopasha. Mwingine unaachanisha."

Nilicheka mpaka nikashika meza.
Miaka yote hii nanunua makaa
kuvunja ujirani wa watu nisiowajua!
Kijana wa mkokoteni akauliza kama chai ni ya leo.

Nikapepea jiko.
Nikakumbuka Ahero, mto ulipoingia hadi kitandani.
Aliyenipa chumvi hakukaa.
Aliyenibebea mtoto, huyu huyu wa mandazi,
alishukia Kondele, sijamwona tena.
Wa blanketi hata jina sikuuliza.
Hakuna aliyenishika zaidi ya siku mbili,
na sikuanguka.

Sikumwambia Akeyo. Ana mtihani Alhamisi.

Mfuniko ukaanza kutetemeka.
"Hao sasa ndio walioachiliana," akasema,
akiuonyesha mvuke kwa kisu chenye unga,
mmoja mmoja, kila mtu na njia yake
juu ya mabati ya soko.

Nikafunua nitie majani.
Upande wa ndani wa mfuniko, matone,
manono, yamegandamana,
yananing'inia kichwa chini
na hayataki kudondoka.

Haya. Nani alisema sukari mbili?